Mfumo Funge wa Kupashia Nyumba Joto: Maelezo kuhusu Kushuka na Kurejeshwa kwa Shinikizo

Utangulizi

Mtu aliyelelewa Mombasa, Kakamega au hata Limuru hana haja kubwa ya msamiati wa kupasha nyumba joto kwa mabomba. Baridi ya Julai katika nyanda za juu hukabiliwa kwa sweta, blanketi na jiko. Hata hivyo, wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza, wakiwemo wanafunzi, wauguzi na wazee waliohamia huko zamani, hukutana na msamiati huo kwa ghafla. Aghalabu huwa ni asubuhi ya Januari, chumba kimekuwa baridi kama ghala la barafu, na kwenye boila iliyotundikwa ukutani jikoni kuna kijitaa chekundu kinachomweka. Kijitabu cha maelezo kipo, lakini kimeandikwa kwa Kiingereza cha mafundi. Mwenye nyumba hapokei simu. Ndani mna mtoto mchanga au bibi wa miaka themanini.

Makala haya yananuia kueleza kwa Kiswahili jambo linalosababisha sehemu kubwa ya masaibu hayo, yaani kushuka kwa shinikizo la maji katika mfumo funge wa kupashia nyumba joto, na jinsi shinikizo hilo linavyorejeshwa. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Ugumu uko kwingine: kujua ni lini kurejesha shinikizo ni tiba, na ni lini ni kuficha ugonjwa.

Suala la istilahi

Dhana inayohusika hapa ina majina kadhaa katika Kiswahili. Wanafizikia wana istilahi kanieneo, iliyoundwa kwa kuambatanisha kani na eneo. Ni istilahi iliyobuniwa kwa busara, kwa maana inabeba fasili yake yenyewe: kani inayosukuma juu ya eneo fulani. Watabiri wa hali ya hewa nchini Tanzania huzungumzia mgandamizo wa hewa. Kwa Mkenya wa kawaida, presha ni maradhi; akiambiwa kuwa nyumba ina presha ya chini huenda akacheka kwanza. Shinikizo ndilo neno lililoenea zaidi, hospitalini na katika taarifa za habari, na ndilo linalotumiwa humu.

Kuhusu neno funge, mwanafunzi wa fonolojia ameshalizoea katika silabi funge na silabi wazi. Mantiki ni ile ile. Mfumo funge haukuachiwa mwanya wa kukutana na hewa ya nje, ilhali mfumo wazi umeachiwa. Rejeta nalo ni neno ambalo makanika wa gari wamelitumia tangu jadi. Ndani ya gari rejeta huipoza injini, na nyumbani Uingereza huipasha sebule joto, lakini kazi ni moja, yaani kuhamisha joto kutoka kwenye maji hadi kwenye hewa. Kipimo cha shinikizo nacho kimeachwa kama kilivyoandikwa kwenye geji, bar, kwa kuwa baa la Kiswahili ni balaa na baa ya mjini ni mahali pa kunywea pombe.

Mfumo unavyofanya kazi

Boila huchoma gesi na kuyapasha joto maji yanayopita ndani yake. Pampu huyasukuma maji hayo kupitia mabomba hadi kwenye rejeta za kila chumba, nayo hurudi yakiwa yamepoa kidogo ili yapashwe tena. Maji hayo si ya kunywa wala ya kuoga. Ni yale yale yanayozunguka mwezi baada ya mwezi, na katika nyumba ya kadiri huenda yakawa lita 80 au 100. Boila nyingi za siku hizi ni za mseto, yaani hupasha pia maji ya mfereji, lakini mikondo hiyo miwili haichanganyiki.

Wazo la kuyafunga maji kabisa ni la kale. Mnamo 1831 Angier March Perkins, mhandisi mzaliwa wa Marekani aliyefanya kazi London, alipata hataza ya mfumo wa mabomba membamba ya chuma yaliyofungwa, wenye shinikizo kubwa mno kuliko la mifumo ya leo. Nyumba za kawaida za Uingereza hazikufuata njia hiyo kwa muda mrefu. Zilitumia mfumo wazi: tangi dogo darini, lenye boya kama lile la choo, huongeza maji kila yanapopungua. Mfumo funge ulianza kuenea majumbani katika miaka ya 1980.

Tofauti ya mifumo hii miwili ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Bomba likivuja katika mfumo wazi, boya hushuka na tangi hujijaza lenyewe kimyakimya, hivi kwamba familia inaweza kukaa miaka bila kujua kuwa chini ya sakafu mbao zinaoza. Mfumo funge hauna wa kuufichia siri. Maji yakipungua, mshale wa geji hushuka na hatimaye boila hukataa kuwaka. Watu huuona ukaidi huo kuwa kasoro ya mfumo. Kwa hakika ndiyo sifa yake bora.

Kwa nini basi shinikizo lihitajike hata kidogo? Sababu ya kwanza ni kimo. Safu ya maji yenye urefu wa mita 10 hukandamiza chini kwa takribani bar 1. Iwapo boila iko jikoni na rejeta ya juu kabisa iko mita 5 juu yake, takribani bar 0.5 hutumika kuyafikisha maji huko tu. Ikumbukwe kuwa geji husoma shinikizo linalozidi lile la hewa ya kawaida; geji ikisoma sifuri, maji hayana msukumo wowote wa ziada. Sababu ya pili ni mchemko. Maji yasiyo na shinikizo la ziada huchemka kwenye nyuzi 100, ila yakiwa na bar 1 kwenye geji huvumilia hadi takribani nyuzi 120. Ndani ya boila, pale mwali unapokaribiana na chuma chembamba, uvumilivu huo huyazuia maji kutokota na kuunguruma kama birika.

Lipo tatizo linalokwenda kinyume na hilo. Maji yakipashwa joto hutanuka. Kutoka nyuzi 10 hadi 80 ongezeko ni karibu asilimia 3, yaani lita 80 huongezeka kwa lita mbili na ushei. Maji hayashindiliki kama hewa, na mabomba ya shaba hayatanuki kiasi cha kuyapa nafasi. Pasipo hifadhi ya ziada hiyo, mfumo ungepasuka siku ya kwanza.

Hifadhi yenyewe ni chombo cha utanuzi: kopo la chuma lililogawanywa ndani kwa kiwambo cha mpira. Neno kiwambo linafaa sana hapa, kwani ni ngozi iliyowambwa kama ya ngoma. Upande mmoja wa kiwambo mna maji ya mfumo, na upande wa pili mna hewa au naitrojeni iliyoshindiliwa. Maji yakitanuka hukisukuma kiwambo na kuibana hewa. Yakipoa, hewa hukirudisha. Kanuni iliyochapishwa na Robert Boyle mwaka 1662, kwamba gesi ikibanwa katika nusu ya nafasi yake shinikizo lake huongezeka maradufu, ndiyo inayofanya kazi ndani ya kopo hilo. Kwa mfano, chombo cha lita 8 kilichotiwa hewa ya bar 0.75 huweza kupokea zaidi ya lita 2 za maji huku geji ikipanda kutoka bar 1 hadi 2 pekee.

Hesabu hiyo hiyo ikigeuzwa huonyesha jinsi mfumo unavyoweza kuishiwa upesi. Mfumo uliojazwa hadi bar 1.2 ukipoteza lita moja na nusu au mbili, akiba ya chombo imekwisha na mshale huanguka. Tone moja kila sekunde hutoa takribani lita 4 kwa siku. Kiungo kinachotona mahali pasipoonekana kinatosha kuzima boila kabla ya siku moja kuisha.

Jinsi shinikizo linavyorejeshwa

Katika nyumba nyingi geji hupaswa kusoma kati ya bar 1 na 1.5 wakati mfumo umepoa. Ukiwa moto, mshale hupanda, na kufika karibu 2 si ajabu. Ndiyo maana boila huzimwa kwanza na kuachwa ipoe. Anayejaza mfumo ulio moto husomewa kipimo cha uongo na geji, na juu ya hayo huyaingiza maji baridi kwenye chuma chenye joto kali, jambo lisilokifaa chuma hicho.

Kisha hutafutwa bomba la kujazia. Mara nyingi liko chini ya boila: mpira mfupi uliofumiwa nyuzi za chuma zinazong'aa, ukiunganisha bomba la maji baridi ya mfereji na bomba la mfumo, wenye vali ndogo kwenye miisho yake. Boila nyingine zina wenzo au ufunguo maalum wa plastiki uliojengewa ndani mahali pa mpira huo, na kijitabu cha boila husika huonyesha ulipo. Hakuna pampu inayohitajika, kwa kuwa maji ya mfereji huja na shinikizo lake kutoka barabarani, aghalabu kubwa kuliko la mfumo.

Mtu huhakikisha kuwa mpira umekazwa barabara pande zote mbili. Hufungua vali moja yote, kisha ya pili polepole, huku macho yake yakiwa kwenye geji wala si kwenye mikono. Sauti ya maji yanayopita husikika. Mshale ukifika karibu 1.2 vali zote mbili hufungwa. Katika vali zenye wenzo au mfuo wa bisibisi, alama ikilala sambamba na bomba vali imefunguliwa, na ikilikata bomba imefungwa. Baada ya hapo boila huwashwa, na ikiwa imejifunga kwa usalama wake hubonyezwa kitufe cha kuianzisha upya.

Hatua inayosahaulika mara nyingi ni kuuondoa mpira na kuziba miisho ya vali kwa vifuniko vyake. Kanuni za viunganishi vya maji za mwaka 1999 nchini humo zinadai kuwa mpira wa muda uondolewe baada ya kujaza, na si kwa urasimu mtupu. Maji ya rejeta yana kutu na kemikali. Siku ambayo shinikizo la barabarani litashuka, vali moja ikiwa haikufungwa sawasawa na ile ya kuzuia kurudi nyuma imechakaa, maji hayo yaweza kurejea kwenye mfereji unaonywewa. Upande wa pili wa shilingi ni kuwa vali iliyoachwa wazi kidogo huendelea kujaza usiku kucha. Mshale hupanda hadi bar 3, vali ya usalama hufunguka na maji hutiririka nje ya ukuta. Mkazi akiona hivyo hudhani boila imeharibika, kumbe ni vali ya kujazia.

Aliyezidisha hupunguza kwa kufungua kidogo skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta, kwa ufunguo wake mdogo, akikinga kitambaa. Kwa sababu iyo hiyo, yeyote anayetoa hewa kwenye rejeta zake ajue kuwa mshale utashuka na kwamba itambidi ajaze tena. Kushuka kwa namna hiyo hakuna ubaya wowote.

Mshale unaposhuka tena na tena

Hapa ndipo penye kiini. Mfumo mzima wa afya huenda miezi mingi, pengine mwaka, bila kuhitaji maji. Unaojazwa kila wiki una mahali unapopoteza maji, na wakazi wengi, hasa wapangaji wanaoogopa kumsumbua mwenye nyumba, hukubali kujaza kuwe desturi ya Jumamosi kama kufua nguo. Desturi hiyo ni ghali. Maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya mfumo huwa yameishiwa oksijeni, na kwa hivyo kutu hupungua. Kila ujazo mpya huleta oksijeni mpya, na pia huipunguza nguvu dawa ya kuzuia kutu ambayo mafundi huitia. Chuma cha rejeta huliwa kutoka ndani na kugeuka tope jeusi, ambalo hutuama chini ya rejeta, huziba njia nyembamba za boila na kuikaba pampu. Aliyekuwa na tatizo la kiungo kimoja hujikuta, baada ya misimu miwili mitatu, na boila ya kununua upya.

Namna mshale unavyoshuka ni ushahidi tosha wa mahali pa kuanzia. Ukipanda mno boila inapowaka, ukakaribia 3, kisha ukaanguka hadi karibu na sifuri kila kitu kinapopoa, mshukiwa wa kwanza ni chombo cha utanuzi. Hewa yake imevuja au kiwambo kimepasuka. Maji yanayotanuka hayana pa kwenda, na vali ya usalama huyamwaga. Kopo hilo lina kitundu cha kutilia hewa kinachofanana na cha gurudumu la gari, na fundi hulitia hewa upya baada ya kuondoa shinikizo la maji. Ikiwa kiwambo kimepasuka hubadilishwa. Mkazi mwenyewe anaweza kutoka nje na kutazama bombani: bomba jembamba la shaba linalotokeza ukutani nyuma ya boila hupaswa kuwa kavu. Likitona, vali ya usalama inapitisha maji. Vali hiyo ikishafunguka mara moja, mchanga wa kutu waweza kukwama kwenye kiti chake ikakataa kufunga vyema, hata baada ya chombo cha utanuzi kutengenezwa.

Mshale ukishuka polepole bila kujali kama boila inawaka au imezimwa, yamkini ni mvujo wa kawaida. Shina la vali ya rejeta ndilo linaloongoza kwa kutona. Kipande cha karatasi ya shashi kikizungushiwa kila kiungo huonyesha unyevu ambao jicho halioni, na doa la kijani kwenye shaba au la kahawia kwenye zulia huwa limekwisha kusema. Mabomba yaliyozikwa katika sakafu ya saruji ndiyo magumu. Upo pia mvujo usioacha alama yoyote nyumbani: kihamisha joto ndani ya boila kikitoboka, maji huondoka pamoja na yale yanayotokana na moshi uliopozwa, na kuingia moja kwa moja katika bomba la majitaka. Hapo mkazi hukagua zulia zote asione kitu. Hilo si la kukisia. Ni la fundi.

Mipaka ya mkazi

Kujaza maji na kutoa hewa kwenye rejeta ni kazi za mkazi. Kufungua kifuniko kinachoziba chumba cha mwali si kazi yake. Nchini Uingereza, anayefanya kazi ya gesi kwa malipo sharti awe kwenye daftari la Gas Safe, lililochukua nafasi ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009 huko England, Wales na Scotland, na mkazi ana haki ya kuomba kitambulisho kabla ya kumfungulia mlango. Moshi unaotoka pasipofaa huwa na kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Wakenya wanaijua kwa jina jingine: ndiyo iliyowaua waliolala na jiko la makaa chumbani usiku wa baridi. Onyo hilo halibaki nyumbani mtu anapopanda ndege. Boila ikigoma, kuingiza ndani jiko la makaa la kuchomea nyama ni kurudia kosa lile lile katika nyumba iliyozibwa madirisha barabara kuliko nyumba yoyote ya Limuru.

Mpangaji naye asidhani kuwa kuripoti ni kulalamika. Katika England, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 inamwajibisha mwenye nyumba, katika upangaji wa kawaida wa muda mfupi, kudumisha vifaa vya kupasha nyumba na maji joto vikiwa vizima. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka akague vifaa vya gesi kila mwaka na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Mpangaji anayeongeza maji kila wiki bila kumwambia mtu anaibeba gharama isiyo yake, na siku boila itakapokufa hatakuwa na cha kuonyesha.

Kinachosaidia ni kumbukumbu fupi, hata ikiwa nyuma ya bahasha: tarehe, geji ilisoma ngapi asubuhi kabla ya boila kuwaka, ilisoma ngapi ikiwa moto, ilijazwa hadi ngapi, na bomba la nje lilikuwa kavu au bichi. Siku kumi za maandishi ya namna hiyo zinatosha. Fundi anayekabidhiwa karatasi hiyo hujua mara moja kama aanze na chombo cha utanuzi, apige magoti chini ya rejeta, au afungue boila, na muda anaolipwa kwa saa hautumiki katika kuuliza maswali.